Kiwanda kilichofuma merikani iliyoletwa Unguja: kilikuwa wapi, na jengo lake linatumikaje leo?

Mwalimu wa Kikwajuni

Assalaamu alaykum, ndugu zangu wa baraza hili.

Ninasomesha historia katika skuli moja ya sekondari hapa mjini Unguja. Kila mwaka, tunapofika kwenye biashara ya karne ya 19, wanafunzi huelezwa kwamba meli za Kimarekani zilileta merikani, ile nguo nzito ya pamba, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, kisha somo hukimbilia kwenye karafuu. Safari hii mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akataka kujua kitambaa hicho kilifumwa katika jengo gani, na kama jengo hilo bado limesimama, linafanya kazi gani hivi sasa. Nimemwahidi jibu lililo kamili, kwa hiyo ninawaomba wenye elimu ya mambo haya wanisaidie.

Nina sababu ya pili ya kuuliza. Mtaani kwetu kuna ghala kuukuu, refu, la kuta nene, ambalo mwenyewe anafikiria kulivunja. Jioni watu wakikaa barazani hugawika: wengine wanasema pajengwe hoteli, wengine wanasema ni urithi, lisiguswe. Sijamsikia hata mmoja akieleza kwamba likibaki litafanya kazi gani, nani atalipia paa, na fedha zitatoka wapi. Ningependa kusikia yaliyoyapata majengo ya viwanda vya nguo vilivyofungwa kwengineko, mema na mabaya, ili mazungumzo yetu yawe na kitu cha kushika.

Mzee wa Mkunazini

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Swali la mwanafunzi wako linajibika, ingawa jibu lake haliishii kwenye jengo moja.

Merikani ilikuwa nguo ya pamba nzito, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, na katika miaka ya 1830 ilitoka katika viwanda mbalimbali vya jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki ya Marekani. Walioileta hapa wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa bandari ndogo ya Salem. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na mwaka 1837 akafika Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye mtu wa Salem. Waters hakuja kwa kazi ya serikali peke yake; alikuwa mfanyabiashara, na mambo yake aliyaendesha kwa kushirikiana na Jairam Shivji, aliyekuwa ameikodi forodha ya Sultani. Mkusanya ushuru na mleta mzigo wakawa kitu kimoja, na wafanyabiashara wengine, Waingereza wakiwamo, walinung'unika sana.

Soko lilipostawi, watu wa Salem wakajenga kiwanda kwao. Kampuni ya Naumkeag Steam Cotton ilipata kibali mwaka 1839, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1847 katika jengo lililokuwa ukingoni mwa bandari. Viwanda vingi vya nguo vya wakati ule vilijengwa kando ya mito, kwa sababu maporomoko ya maji ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Hiki kiliendeshwa kwa mvuke, na makaa ya mawe yakaletwa kwa meli hadi mlangoni. Sehemu ya nguo zake ilipakiwa kuja pwani yetu. Mwanafunzi akitaka jengo moja la kulionyesha kwa kidole, basi ni hilo.

Hapa kwetu merikani ilihesabiwa kwa mkono, shuka, doti na jora. Doti moja ilikuwa mikono 8, yaani yadi 4 hivi, na jora zima lilikaribia yadi 30. Wapagazi waliokwenda Unyamwezi na Ujiji walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 hivi, kila mmoja, na huko bara nguo hiyo ilipokelewa kama fedha: kwa hongo ya kupitia nchi, kwa chakula, kwa pembe. Ilipendwa kwa uzito wake. Nguo nyingi za Uingereza zilizoletwa kushindana nayo zilikuwa zimejazwa wanga ili zionekane nzito, na wanga huo uliondoka kwa mfuo wa kwanza, mnunuzi akabaki na kitambaa chepesi mkononi.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wasifichwe. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, na hapa Unguja na Pemba waliovaa merikani ile ile bila ya rangi wengi walikuwa watumwa wa mashamba ya karafuu. Hadhi ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha merikani na kaniki wakajifunga kanga, ili wasitambulikane tena kwa mavazi ya hali ile. Ukiwaonyesha wanafunzi picha ya kiwanda, waonyeshe na upande huo. Bila ya huo hawatajua faida ya kujengea kiwanda ilitoka wapi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata njia ya pamba. Merikani ikapanda bei, vitambaa vya Uingereza na vya India vikapata mwanya, na viwanda vya Bombay, ambavyo vya kwanza vilianzishwa katika miaka ya 1850, baadaye vikafuma nguo ya namna ile ile kwa bei ndogo zaidi. Kiwanda cha Salem hakikufa kwa hilo. Kiligeukia soko la kwao na kikapata jina kwa mashuka ya kitandani. Tarehe 25 Juni 1914 kiliungua katika moto ulioanzia kwenye kiwanda cha ngozi na kuteketeza zaidi ya majengo 1,300 ya mji huo. Kikajengwa upya. Mwaka 1953 kikafungwa moja kwa moja, kazi zake zikahamishiwa Carolina Kusini, ambako mishahara ilikuwa midogo na pamba ilikuwa karibu. Majengo yanayoonekana leo, kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ni yale yaliyojengwa baada ya moto. Yanatumikaje, hilo nawaachia mafundi.

Fundi wa Saateni

Ahsante, Mzee wangu. Nitaendelea pale ulipoishia.

Katika miaka ya 1950 majengo yale ya Salem yalinunuliwa na kampuni ya kupangisha majengo, yakapewa jina la Shetland Park, na sakafu zake zikakatwa vipande vya kukodisha. Humo leo mna ofisi, biashara za namna mbalimbali, na hata skuli. Hakuna mtalii anayesafiri kwenda kuyatazama kama anavyokwenda kutazama kasri. Mimi nauthamini mfano huu kwa sababu hiyo hasa. Jengo lilikodishwa kipande baada ya kipande kwa watu waliokuwa na kazi zao, paa likatengenezwa kwa kodi waliyolipa, na miaka 70 baadaye bado limesimama. Majengo ya viwanda mara nyingi huokolewa na wapangaji wa kawaida kabla hajatokea mtu wa kuyaita urithi.

Mwalimu, huenda ukauliza kwa nini kiwanda cha nguo hasa hukubali kugeuzwa kuwa kitu kingine. Sababu zimo katika kazi yenyewe. Mitambo ya kufumia ni mizito na hutikisika mchana kutwa, kwa hiyo sakafu ilijengwa kubeba mzigo mkubwa kuliko ule wa meza, makabati na watu. Mfumi alihitaji kuuona uzi uliokatika, na wakati ule taa zilikuwa dhaifu, kwa hiyo madirisha ni mengi na marefu. Mitambo ilipangwa kwa safu, kwa hiyo katikati hamna kuta, pana nguzo zenye nafasi sawa. Ukitaka chumba unaweka kizuizi chepesi, na usipokitaka unakiondoa bila ya kugusa kitu kinachobeba jengo.

Vile vile viwanda vya zamani vya upande ule wa Marekani vilijengwa na watu walioogopa moto, kwa sababu pamba, vumbi lake na mafuta ya mitambo vikikutana na cheche haviulizi. Badala ya boriti nyingi nyembamba walitumia nguzo na boriti chache zilizo nene sana, na juu yake mbao nene za sakafu. Mti mnene huungua juu juu, ukafanya tabaka la makaa, na ndani ukaendelea kubeba kwa muda wa kutosha watu kutoka na wazima moto kuingia. Ngazi waliziweka katika mnara wa pembeni ili moto usipate njia ya kupanda kutoka sakafu hadi sakafu, na juu ya mnara huo waliweka tangi la maji ya kuzimia. Mtu anayegeuza jengo kama hilo leo hulikuta limekwisha kufikiriwa nusu.

Taabu nazo zipo. Sakafu huwa zimekunywa mafuta ya mitambo kwa miaka mingi. Rangi za zamani zina risasi. Viwanda vilivyojengwa katika miaka ya 1960 na 1970 sehemu nyingi za dunia viliezekwa kwa asbesto, na kuivunja bila ya utaratibu ni kuwavutisha majirani sumu. Hesabu ya kusafisha inatangulia hesabu ya kupamba, na wengi hushindwa hapo.

Kwa anayetaka makumbusho, mfano bora ni mji wa Lowell, katika jimbo hilo hilo la Massachusetts, uliojengwa katika miaka ya 1820 kwa ajili ya viwanda vya nguo. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliifanya sehemu ya mji huo kuwa hifadhi ya taifa ya historia. Katika jengo la Boott Mills, ambalo makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1992, pana ukumbi wenye mitambo 88 ya kufumia, na baadhi huwashwa ikafanya kazi mbele ya wageni. Mgeni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia, kwa sababu kelele haivumiliki hata pale inapozunguka mitambo michache tu. Na kitambaa kinachofumwa pale hukatwa taulo za jikoni zikauzwa dukani. Lakini tazameni kwamba makumbusho yamechukua sehemu tu. Sehemu nyengine za majengo hayo zimekuwa nyumba za kuishi na ofisi.

Mpemba wa Wete

Maelezo ya Fundi nimeyafurahia, ila sitaki mwanafunzi wa Mwalimu adhani kwamba kila kiwanda kilichofungwa kimepata wapangaji wema. Mzee ametaja Bombay, siku hizi Mumbai, ambako merikani ya baadaye ilitoka. Yaliyotokea huko yanakaribia zaidi hofu zetu za hapa.

Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya mji ule, karibu 250,000, waligoma chini ya uongozi wa Datta Samant. Mgomo haukutangazwa kwisha; ulififia wenyewe, na viwanda vingi havikurudi tena katika hali yake. Wafanyakazi walikuwa wakiishi katika vyumba vidogo vidogo kuzunguka viwanda hivyo, kwa hiyo kazi ilipokwenda, mtaa mzima ulikwenda nayo. Kilichobakia ni ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa katikati ya mji ambao hauna nafasi ya kupanuka.

Mwaka 1991 ikatoka kanuni ya ujenzi iliyokuwa na uadilifu ndani yake: mwenye kiwanda akitaka kujenga upya, ardhi igawiwe mafungu matatu, theluthi moja iwe uwanja wa wazi kwa wakazi wote, theluthi ya pili iwe ya nyumba za umma, na theluthi ya tatu abakie nayo mwenyewe. Mwaka 2001 kanuni ikarekebishwa, na hesabu ya theluthi ikawa inafanywa juu ya kile kipande kisichokuwa na jengo, badala ya ardhi nzima. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya viwanda ilikuwa na majengo, fungu la umma likasinyaa likawa kama hakuna. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya India, nayo mwaka 2006 ikaiacha kanuni mpya iendelee. Kiwanda cha Phoenix leo ni jumba la maduka ya kifahari. Katika eneo la Kamala Mills, ambako mabanda ya kiwanda yaligeuzwa ofisi na mikahawa, moto uliozuka katika mikahawa ya juu ya paa tarehe 29 Disemba 2017 uliwaua watu 14.

Nimeusoma mkasa huo wa moto nikakumbuka maneno ya Fundi kuhusu ngazi na matangi. Waliojenga viwanda walifikiria watu watatokaje moto ukiwaka. Waliokuja baadaye walifikiria meza ngapi zitaenea.

Kwa hiyo, Mwalimu, watu wa mtaani kwenu wakibishana kama livunjwe au lisivunjwe, wambie waulize kwanza masharti yameandikwaje, na yamehesabiwa juu ya nini. Hapa Pemba tunayo maghala ya karafuu ambayo zamani yalijaa mpaka mlangoni msimu ukiwa mzuri. Sijawahi kusikia mtu akigombana juu yake, nadhani kwa sababu bei ya kiwanja Wete haijafikia ya Mji Mkongwe. Itakapofika tutagombana.

Mwalimu wa Kikwajuni

Nimeshukuru sana. Habari za Salem na Bombay nitazipeleka darasani kama zilivyo, na hiyo ya theluthi nitaifanya zoezi, maana itawafaa hata wenzangu wa hesabu.

Ningependa sasa Fundi aturudishe nyumbani. Majengo yetu hayakujengwa kama ya Massachusetts. Je, tunayo mifano ya hapa hapa ya jengo la kazi lililobadilishiwa kazi, na ghala la aina niliyoieleza linaweza kubeba nini?

Fundi wa Saateni

Mifano tunayo, na tuanze na tofauti ya ujenzi, kwa sababu ndiyo inayoamua.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zinashikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ambao aghalabu ni mita tatu hivi au pungufu, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu hata katika nyumba za matajiri. Chumba chembamba kinageuka kuwa chumba cha hoteli bila ya taabu: weka kitanda, weka bomba, maliza. Kwa hiyo hoteli zimeingia mjini kwa urahisi. Ghala au karakana ni kinyume chake, kwani lina nafasi pana, paa la juu na milango mikubwa ya kupitishia mizigo. Kuligeuza hoteli maana yake ni kujenga nyumba nyengine ndani yake, na hapo ndipo mtu anapoona ni nafuu kuvunja. Ukilipa kazi inayotaka upana, kama vile skuli ya ufundi, karakana ya maseremala, maktaba, soko la ndani au ukumbi, gharama inashuka sana, kwa sababu jengo linafanya lile lililozoea kulifanya.

Forodha ya zamani pale Mizingani ni mfano mzuri. Lilikuwa jengo la kazi, na baada ya kutengenezwa kikaingia chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambamo vijana wamejifunza udi, ganuni na fidla. Mpita njia alikuwa akisikia mazoezi kutoka madirishani. Mfano mwengine ni ile Zahanati ya zamani iliyo ufukoni karibu na bandari, ambayo ujenzi wake ulianzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 na ukarabati wake ukafanywa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Kuna na jengo la zamani la simu za nje, ambalo limekuwa hoteli ya Serena. Hayo yalitengenezwa kwa fedha nyingi na mafundi waliochaguliwa, na yanapendeza. Hata hivyo mtu wa kawaida mwenye ghala hawezi kuyaiga, na tusimlaumu kwa hilo.

Viwanda vyenyewe tulivijenga zaidi nje ya Mji Mkongwe. Pale Chumbuni, ambapo palikuwa na kiwanda cha nguo cha enzi ya mashirika ya umma, miaka ya karibuni kazi ya nguo imerejeshwa na mwekezaji. Hiyo nayo ni namna ya kulitumia jengo upya, na watu huisahau kwa kuwa haina picha nzuri: kurudisha kazi ile ile kwa mitambo mipya. Ina faida kwamba umeme mkubwa, njia ya magari na mifereji ya maji machafu viko tayari.

Ghala lako, Mwalimu, kama kuta zake ni za mawe na chokaa, lina adui anayeingia kwa jina la ukarabati, naye ni saruji. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji unyevu unafungiwa ndani, chumvi ya bahari inajikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache ya masika lipu inaanguka pamoja na uso wa jiwe. Nimeona kuta za aina hiyo ambazo ukizigusa kwa kidole jiwe linamiminika unga. Msimamizi akikwambia amelitia nguvu jengo kwa saruji, muulize unyevu utatokea wapi.

Na paa kwanza. Jengo la zamani lenye paa zima linaweza kusubiri uamuzi miaka kumi. Lenye tundu halisubiri. Beit al Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, ilikuwa makumbusho na fahari ya mji, tena ndani ya eneo lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na juu ya hayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati wa matengenezo, wakafa watu. Jina la urithi halibebi boriti iliyooza. Kabla ya kuzungumza habari za hoteli au maktaba, mpate mhandisi apande juu, achokoe ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa maana ndipo zinapoanza kuoza, kisha aandike alichokiona.

Mama wa Jang'ombe

Wanangu, nimewasoma wote tangu mwanzo na nimenufaika. Nitasema machache, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani ya kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilifanya kazi ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo huko Bara, kabla ya kuolewa na kurudi Unguja.

Fundi ameeleza kelele kwa vizibo vya masikio. Sisi hatukuwa na vizibo, tulikuwa na ishara. Kidole kimoja kikipigwa juu ya kifundo cha mkono, msimamizi anakuja. Viganja viwili vikisuguliwa, uzi wa mshindio umekwisha. Na mengine mengi tuliyasoma midomoni, hata nyumbani nikawa nazungumza kwa kuivuta midomo mpaka mama yangu akaudhika. Juu ya dari palikuwa na mabomba ya kurusha maji kama ukungu, kwa sababu hewa ikikauka uzi wa mtande unakatika. Madirisha marefu anayoyasifu Fundi yalikuwepo, lakini hayakufunguliwa. Tulipata mwangaza, hatukupata upepo.

Na vumbi. Ukipumzika siku mbili ukarudi kazini Jumatatu, kifua kinabana kuanzia saa sita za mchana, kisha siku zinazofuata kinalegea ukadhani umepona. Madaktari wanaujua ugonjwa huo wa vumbi la pamba na wanaijua hiyo Jumatatu yake. Kwa hiyo nilipoona Mwalimu anataka wanafunzi wajue jengo lilifanya kazi gani, nimeona jambo lililokosekana katika mazungumzo yote haya: mnazungumzia nguzo na ardhi, wala hamjazungumzia vitabu. Kila kiwanda na kila ghala lina madaftari ya mishahara, ya zamu, ya mizigo iliyoingia na iliyotoka, ya ajali. Jengo likibadilishiwa kazi, kitu cha kwanza kutupwa ni hayo, kwa sababu yanaonekana takataka na yana mchwa. Kiwanda nilichofanyia kazi kilipofungwa, niliambiwa madaftari yaligeuzwa karatasi za kufungia karanga sokoni.

Mwalimu, kabla mhandisi hajapanda kwenye paa la ghala lenu, muombe mwenyewe ruhusa muingie katika kile chumba cha karani, kwa kawaida kiko karibu na mlango mkubwa, mtazame kabatini na juu ya dari. Daftari litakalopatikana lipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, wao wana utaratibu wa kutibu mchwa na unyevu. Msilikaushe juani, karatasi itakatika. Kisha watafuteni wachukuzi waliofanya kazi humo, maana wako ambao bado wanaishi. Wanafunzi wawaulize gunia lilipandishwaje, nani alihesabu, mtu akianguka alipelekwa wapi. Na mkitaka kuuliza habari za kufuma, mimi nipo, baada ya alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa.

Mwalimu wa Kikwajuni

Mama, ahsante sana. Nimezungumza na mwenye ghala leo baada ya adhuhuri. Ruhusa ya kuingia chumba cha karani ametoa, ila ufunguo uko kwa ndugu yake Chake Chake na utaletwa kwa boti. Fundi, kuta ni za mawe na chokaa kama ulivyokisia, na upande wa baharini umekwisha kupigwa saruji kimo cha mtu. Je, lipu hiyo itolewe yote kabla ya masika, au tungoje kwanza mhandisi atazame boriti?

Fundi wa Saateni

Mngoje mhandisi. Lipu ikitolewa bila ya kuangalia, mawe yaliyolegea nyuma yake yatakuja nayo, na ukuta huo huenda ndio unaoshika ncha za boriti. Kwa sasa fungueni milango na matundu ya hewa, fagieni mifereji ya paa maji yasimwagikie ukutani, na pimeni upana wa ndani kutoka ukuta hadi ukuta. Nipe kipimo hicho hapa, nitakwambia ni kazi gani jengo linaweza kubeba na ipi lisibebeshwe.